Nafasi Niliyoiacha kwenye Ukurasa wa Shukrani

Mume wangu alikuwa mwalimu wa biolojia, na maisha yake yote aliandika makala moja tu ya kitaalamu. Mimi ndiye niliyeipiga taipu. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba nikilalamika nina haki ya kulalamika, na kwamba kosa nitakalolisimulia ni langu kwa sehemu kubwa, ingawa yeye naye hakosi fungu lake.

Ilikuwa Juba, miaka ya sabini. Vita vya kwanza vya Sudan vilikuwa vimekwisha na sisi tuliokuwa Uganda tulikuwa tumerudi, kila mmoja na alichokipata huko. Mimi nilirudi na cheti cha kupiga taipu, nikapata kazi ya karani katika ofisi moja ya serikali. Mwalimu, maana ndivyo nilivyomwita hata nyumbani, alipata nafasi shule ya sekondari. Tulikutana ukimbizini. Kabila lake si langu, lugha yake nilikuwa siijui na yangu alikuwa haijui, basi tukatongozana kwa Kiswahili cha Uganda, kile cha "mimi iko" na "wewe nakwenda wapi". Hiki ninachoandika hapa nilikisafisha baadaye, nilipokaa Nairobi. Kile cha mapenzi kilikuwa kichafu na kilitutosha kabisa.

Tulipanga nyumba mtaa wa Malakia, sisi wawili na mama yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye viganja vigumu na macho yaliyoanza kuingia ukungu. Alilima karibu na mto, na bamia zake alikwenda kuziuza mwenyewe soko la Konyo Konyo. Nami aliongea Kiarabu cha Juba kilichochanganyika na Kiswahili alichookota Uganda, na alipokasirika aliongea lugha yake, ambayo nilianza kuielewa kwa njia hiyo hiyo ya kugombezwa.

Mama huyu alikuwa na mtama wake. Siku walipokimbia, wenzake walibeba sufuria na mikeka, yeye akafunga masuke machache ndani ya nguo aliyojifunga kiunoni akavuka nayo mpaka. Kule Uganda aliupanda kila msimu, palipokuwa na ardhi ya kuazima na palipokuwa na kichaka tu. Kabla ya kuvuna alipita shambani akiangalia mmea mmoja mmoja, na uliompendeza aliufunga ukoka shingoni. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya mwaka unaofuata, na ilining'inizwa jikoni juu ya moto ili moshi uilinde na wadudu. Aliporudi Juba alirudi na masuke machache ndani ya nguo, kama alivyoondoka.

Makala ilianzia hapo jikoni. Mwalimu alileta kitabu cha mimea kutoka shuleni akakaa chini na mama yake, wakatandaza masuke kwenye ungo. Kitabu kilisema mafungu mawili haya ni aina moja. Mama akayapapasa, akanusa, akayatenga. Hayo si ndugu, alisema. Kitabu kikasema haya mengine mawili ni aina mbalimbali. Mama akayaweka pamoja: huyu mama, huyu mtoto. Mwalimu akafurahi kama mtu aliyeokota pesa, maana hakuna kilichompendeza kama kitabu kukosolewa.

Kisha akamuuliza swali ambalo mimi ningeona aibu kuliuliza. "Mama, umejuaje mtama huu ni ule ule ulioondoka nao? Kule ulikua kando ya mtama wa watu, upepo ukauchanganya. Si umeshabadilika?"

Mama alimtazama kama ameulizwa iwapo huyu ni mwanawe kweli. "Mimi iko nachagua," alisema. "Kila mwaka mimi nachagua. Mkono yangu haijaacha."

Basi jamani, sentensi hiyo! Mwalimu alitembea nayo wiki nzima. Alikwenda nayo shuleni, akarudi nayo, akaiingiza kwenye chai. Alinieleza kwamba wataalamu wanabishana kuhusu jambo hilo hilo: aina ya kiumbe ni nini hasa? Wako wanaosema ni kufanana. Wako wanaosema ni nani anaweza kuzaa na nani. Wako wanaosema ni ukoo, nani katoka kwa nani. Yeye akaona mama yake ametaja kitu ambacho hao wote wamekiruka. Mtama wa shambani, alisema, haubaki aina yake kwa umbo wala kwa damu peke yake, unabaki kwa sababu kuna mkono unaoichagua mbegu mwaka hata mwaka. Uondoe mkono huo, na baada ya misimu michache aina yenyewe haipo, hata kama mimea imesimama shambani.

"Sasa hilo nalo linataka kurasa ishirini?" nikamwuliza.

"Kurasa ishirini na mbili," akasema, tena bila aibu.

Jarida lenyewe alilijua kwa bahati. Mgeni mmoja aliyepita shuleni kufundisha kwa muhula aliacha nakala kuukuu, na ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na masharti ya waandishi. Mwalimu alinipa niyasome mimi, kwa sababu kati yetu mimi ndiye msoma masharti. Nakala tatu. Mistari iachane mara mbili. Pembeni paachwe nafasi pana. Maelezo ya chini yawekwe yote mwishoni. Muhtasari mfupi mwanzoni. Na jina la mwandishi lisionekane popote isipokuwa kwenye karatasi moja iliyo peke yake, pamoja na shukrani, kwa sababu watakaoihukumu makala hawatakiwi kujua ni ya nani.

Mwalimu alimtafsiria mama sharti hilo la mwisho, na mama alicheka hadi akakohoa. Watu wanaosikiliza maneno bila kuuliza mtoto wa nani anaongea! Alitaka kujua kama wana wazazi. Halafu akaacha kucheka.

"Na mimi?"

Mwalimu akaeleza kwamba ndani ya makala yeye ataitwa "mkulima mmoja".

Mama akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la bati alimokuwa akiweka vitu vyake. Akatoa kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chakula, ya kambini Uganda: jina la marehemu mumewe limeandikwa juu, na chini yake, "mke, mmoja". Ya pili walipewa siku ya kurudi: jina la Mwalimu juu, na chini, "mwanamke mzee, mmoja". Hakujua kusoma, lakini alikuwa amesomewa, na alikuwa ameshika.

"Mara mbili mimi iko 'moja'," alisema. "Sasa mtama ni yangu. Karatasi hii mimi nataka jina."

Mwalimu akamwahidi: kwenye ile karatasi iliyo peke yake, kwenye shukrani, litaandikwa jina lake kamili, na la baba yake, na la babu yake, na itasemwa kwamba mtama ni wake na hoja ameianzisha yeye. Mama akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia aape. Akaapa. Mama akakusanya kadi zake akazirudisha ndani ya kopo, na kuanzia siku hiyo akawa anaulizia makala kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Kazi ya kupiga taipu ikaniangukia mimi. Ofisi zilifungwa saa nane mchana, na bosi wangu aliniruhusu kubaki na mashine mradi karatasi nijiletee. Nani asiyejua Juba saa nane mchana? Bati la paa linalia, hata mbwa hawabweki. Karatasi za kaboni zilijikunja kwa joto kabla sijaziingiza kwenye mashine. Nililaza kitambaa chini ya vifundo vya mikono ili jasho lisitie madoa. Nilipokosea herufi moja ilinibidi nifute karatasi ya juu, kisha nakala ya pili, kisha ya tatu, na nakala ya tatu ilikuwa imeshafifia hivi kwamba kuifuta ilikuwa kama kuipangusa vumbi.

Na Mwalimu sasa! Nikishamaliza ukurasa safi, bila doa, anatokea mlangoni na kijikaratasi. "Karani wangu, kuna neno dogo tu." Neno dogo la Mwalimu lilikuwa aya. Siku moja alibadilisha "pengine" kuwa "huenda" kwenye ukurasa wa tisa, nikamtupia raba. Ilimpata begani. Akaiokota, akaipuliza vumbi, akaniwekea mezani taratibu, akasema, "Basi 'pengine' inatosha." Nilimpenda sana siku hiyo, lakini sikumwambia, angeleta kijikaratasi kingine.

Mashine ile haikuwa na herufi zote. Majina ya mitama kwa lugha ya mama yana herufi ambazo waliotengeneza mashine hawakuwahi kuzisikia. Tukakubaliana kwamba kila palipo na herufi kama hiyo nitaacha pengo, na Mwalimu atajaza kwa wino. Utaratibu huo ulikuwa mzuri, tena niliubuni mimi, na ndio uliokuja kutuponza.

Sasa nieleze jambo la kwetu. Kwa watu wangu, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la mama mkwe wake. Hatamki, na kama amesoma, haliandiki. Linabaki kama kitu cha moto mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapokuwekea kitu mkononi, chochote, hata kijiko, na kukuambia, mimi ni fulani binti fulani, niite. Siku hiyo umekuwa mtoto wa nyumba. Wako maharusi wanaopewa wiki ya kwanza. Dada yangu alipewa siku ya tatu. Mimi nilikuwa katika mwaka wangu wa saba.

Na huwezi kuomba. Ukiomba, imeharibika. Unangoja tu. Mama alikuwa akiniandalia chakula, akiniuguza nikishikwa na malaria, akinigombeza kama wake. Lakini vitu aliviweka chini kwenye mkeka akasema "chukua". Mkononi hakuwahi kuniwekea kitu. Msimu wa kupanda ulipofika aliwagawia majirani mbegu, kiganja kwa kiganja, akanipita mimi niliyekaa palepale na kucha zangu za ofisini. Nilijifanya sijali. Nilijali, tena sana. Nilisema moyoni, huyu hajanikubali, na pengine hatanikubali.

Kwa hiyo nilipofika kwenye karatasi ya shukrani vidole vilisimama. Jina nilikuwa nalijua, Mwalimu alikuwa ameliandika kwa mkono wake kwenye rasimu, yote matatu. Nililitazama. Nikajiambia, wewe umesoma, uko ofisini peke yako, nani atakuona? Mkono ulikataa. Nikaandika, "Shukrani zangu za kwanza ni kwa mama yangu," nikaweka mkato, nikagonga kibao cha nafasi mara nyingi, nikipima kwa jicho mpaka pengo likatosha majina matatu, nikaendelea na "ambaye mtama huu ni wake".

Nyumbani nilimwambia Mwalimu, "Kwenye shukrani kuna pengo. Jaza mwenyewe."

Akacheka, alikuwa anaujua mwiko wangu. "Nitajaza, karani wangu."

Jumapili baada ya kanisa alikaa na wino wake. Alijaza herufi moja moja, nakala zote tatu, kurasa ishirini na mbili mara tatu, akipuliza kila ukurasa ukauke, ulimi umetoka nje kama mtoto wa shule. Hakuruka hata pengo moja kati ya yale yaliyokuwa mbele yake. Ila karatasi ya shukrani haikuwa mbele yake. Masharti yalisema ikae peke yake, nami nilikuwa nimeshaiweka peke yake, ndani ya bahasha kubwa, kwa unadhifu wangu. Yeye akadhani ameshamaliza. Mimi nikadhani ameshajaza. Akaniuliza, "Yote tayari?" Nikasema yote, nikapaka gundi.

Barua ya kukubaliwa ilifika mvua zikiwa zimekaribia kwisha. Walitaka aya mbili zinyooshwe, tukazinyoosha, tukazituma. Mwalimu alinibeba akanizungusha uani, mtu wa miwani mtulivu kama yeye, majirani wakitazama. Mama alipoambiwa aliuliza kitu kimoja tu. "Jina imefika?"

"Imefika, Mama," tukasema wote wawili.

Ukungu wa macho yake ulikuwa unazidi. Alianza kumimina chai nje ya kikombe. Shambani alichagua mbegu kwa kupapasa zaidi kuliko kuangalia. Alikuwa akiniambia, mara moja kwa wiki hivi, kwamba anataka kuiona karatasi hiyo macho yakiwa bado yako. Hawezi kuisoma, sawa, lakini atamuona mtu akiisoma, na ataona mahali lilipokaa jina. Aliniambia mimi, si mwanawe. Sijui kwa nini, labda kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na mashine.

Kifurushi kilikuja baada ya muda ambao nilikuwa nimeshaacha kuuhesabu. Posta ya siku zile ilikuwa hivyo, mizigo inarundikana mahali fulani, halafu yote inafika kwa mkupuo. Ndani kulikuwa na bahasha mbili. Moja ilikuwa na kurasa za majaribio, tulizotakiwa tuzikague na kuzirudisha haraka kabla hazijachapwa. Nyingine ilikuwa na nakala ishirini za makala yenyewe, imeshachapwa, imeshashonwa, imekwisha. Zilifika siku moja, mkononi mwa mtu mmoja.

Mwalimu alifungua nakala ya juu akaanza kusoma kwa sauti, na alisoma vizuri, nilisikia raha. Akafika mwisho. "Shukrani zangu za kwanza ni kwa mama yangu," akasema, akausogeza ukurasa karibu na miwani.

"Endelea."

Alinigeuzia ukurasa. Wachapaji walikuwa waaminifu. Mkato ulikuwepo, halafu weupe mtupu wa urefu wa majina matatu, halafu "ambaye mtama huu ni wake". Nikachukua kurasa za majaribio. Hapo kando ya weupe mtu fulani wa huko alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko mzuri mdogo: jina?

Mara ya tatu. Mama yule ameandikwa mara ya tatu, na mara hii hata "mmoja" hakupata.

Tulianza kugombana kwa sauti ya chini. Hukujaza! Uliificha! Sikuificha, niliipanga! Ungeniambia! Nilikuambia! Na katikati ya hayo tukasikia mlango wa ua, na Mama akaingia na ungo wake mtupu kutoka sokoni. Majirani walikuwa wameshamwambia kwamba posta imeleta mzigo. Alikuwa amevua viatu akitembea haraka, mtu ambaye siku hizo alitembea akigusa ukuta.

Mwalimu alininong'oneza, "Mwonyeshe neno lolote. Hatajua."

Alisema hivyo kwa huruma, namjua, alikuwa karibu kulia. Lakini nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwake, hata kwa ile "huenda" yake. "Thubutu!" nikamwambia. "Amefichwa na kadi mbili. Sisi hatutakuwa ya tatu."

Mama alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akanyoosha na kidole. "Mimi iko wapi?"

Nilikaa kando yake. Nikachukua kidole kile kigumu nikakiweka juu ya weupe. "Hapa, Mama. Lakini hapa hakuna kitu. Nafasi tu."

Nikamweleza. Nilichanganya Kiarabu na Kiswahili na yale ya lugha yake niliyokuwa nayo, nikieleza huku nikilia, jambo nisilolipenda. Nilimweleza mwiko wa kwetu, kwamba mkono wangu ulikataa, kwamba niliacha pengo kwa heshima na heshima yangu ikamfuta. Nilimweleza kwamba jina la mama mkwe hungojewa mpaka alitoe mwenyewe na kitu mkononi, na kwamba nilikuwa nimengoja.

Hakuondoa kidole. Aliuliza, "Miaka saba wewe nangoja mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwetu hakuna hii kitu." Alitikisa kichwa. "Kwetu mtu naita mtu jina. Mimi nasema, huyu karani nasoma, naona jina yangu ni ya kijijini, nakataa kuita. Mimi nangoja wewe!" Akanipiga kofi la paja, la nguvu, likaniuma. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe? Wewe najua?"

Mwalimu akaangalia viatu vyake. "Nilidhani ni mambo yenu wanawake," akasema.

Alichoambiwa baada ya hapo aliambiwa kwa lugha yao, na nilielewa kila neno.

Mama akanyanyuka, akaenda jikoni akigusa ukuta. Tulimsikia akipapasa juu ya moto. Alirudi na suke moja, jeusi kwa moshi, la mbegu ile. Akanikamata mkono, akanifumbua vidole kimoja kimoja, na zile kucha zangu, akaliweka suke kwenye kiganja, akavifumba vidole kwa mikono yake miwili. Akasema jina lake. Jina lake, la baba yake, la babu yake. Akangoja.

Nikalisema. Sauti ilinikatika kwenye la pili, nikaanza upya.

"Kalas, basi," akasema. "Sasa andika."

Mwalimu alileta wino. Mama aliweka kidole kando ya pengo nami nikaandika karibu na ukucha wake, taratibu, mwandiko wangu wa shule, nikilitamka kila ninapoliandika kwa sababu alitaka kulisikia. Nilipomaliza nakala ya kwanza alisema, "Moja." Akachukua ya pili akaipapasa hadi akapata mahali. "Mbili." Mwalimu alikuwa anapuliza wino. Tulikwenda hivyo nakala zote, na kila mara alihesabu yeye. Alipofika ishirini alibaki ameishika, akaomba aletewe kopo lake la bati, akaikunja, akaiweka juu ya zile kadi.

Nakala zilizo kwenye maktaba za huko mbali zina pengo hadi leo, kama bado zipo. Mwalimu aliandika barua ya kusahihisha, na kama walijibu, jibu halikutufikia. Zile zilizopita mikononi mwetu zilikuwa ishirini, na zote zimeandikwa. Mama aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, macho yakiwa yamekwisha kabisa, na msimu wa mwisho alinituma mimi nikafunge ukoka shambani yeye akiwa amekaa mwanzoni mwa tuta. Nilimletea masuke akayapapasa, matatu akayatupa. Alisema mkono wangu una haraka. Bado una haraka, lakini mtama ninao, nimeuhamisha kila nilikohamishwa, na juu ya jiko langu sasa hivi kuna masuke manne.

Utaniuliza mbona nimeandika haya yote na jina lenyewe sijaliandika, mimi ninayejua vizuri kuliko mtu yeyote pengo lile liliuma namna gani. Si woga tena. Jina lile alinipa mkononi, na mimi ndivyo ninavyolitoa. Njoo nyumbani. Nitakuwekea mbegu kiganjani, nitakufumba vidole, na nitakutajia yote matatu.